Yeremia 29:11 na mengine tunayokosea kuhusu uhamisho wa Babeli

Msimu wa mahafali ukifika najua nitausikia tena. Utakuwa kwenye kadi, kwenye keki, kwenye sare za kwaya na kwenye sala ya kufunga ibada: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Ninafundisha Agano la Kale, na sijaona mstari mwingine unaopendwa kiasi hiki huku barua uliomo, ile nabii Yeremia aliyowaandikia Wayahudi waliotekwa Babeli, haisomwi.

Juzi alinijia kijana niliyemfundisha Shule ya Jumapili. Amemaliza chuo, hana ajira. Mhubiri mmoja alimtangazia mbele ya umati kwamba "uhamisho" wake unakwisha mwaka ule ule, asishike kazi ndogo asije akaikosa kubwa. Akakataa kufundisha tuisheni. Akakataa kusimamia duka la mjomba wake. Mwaka umepita, wa pili unaelekea ukingoni, na swali aliloniletea ni kama Mungu amemsahau. Nilikasirika sana, kwa sababu alichotabiriwa ndicho alichotabiri Hanania, nabii wa uongo wa siku za Yeremia, na Yeremia aliandika barua ile kuwaondoa watu kwenye matumaini ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 597 KK Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alimchukua mfalme Yekonia wa Yuda, mama yake, wakuu, mafundi na wafua chuma, akawapeleka Babeli. Yerusalemu ulikuwa bado umesimama, na Hekalu pia. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuamini kwamba mambo yatatengemaa upesi. Hanania wa Gibeoni akasimama hekaluni akasema kwa jina la BWANA: ndani ya miaka miwili vyombo vya Hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, na wote waliochukuliwa watarudi. Yeremia alijibu "Amina". Soma sura ya 28 uone. Naye alitamani iwe hivyo. Lakini Hanania alipoivunja nira ya mti ambayo Yeremia aliivaa shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli, neno lililofuata lilikuwa kwamba badala yake itakuwepo nira ya chuma. Hanania alitabiri mwezi wa tano. Mwezi wa saba alikufa.

Barua ya sura ya 29 ilitoka katika mvutano huo. Waliibeba Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliokuwa wakitumwa Babeli na mfalme Sedekia. Nayo inaanza na maagizo ambayo hakuna mateka anayependa kuyasikia: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ozesheni watoto wenu, uombeeni mji uliowateka kwa kuwa katika amani yake nanyi mtapata amani. Kisha mstari wa 10: miaka sabini. Ndipo unakuja wa 11.

Hesabu mwenyewe. Mtu wa miaka thelathini aliyesomewa barua ile alielewa siku ile ile kwamba atazikwa Babeli. Mawazo ya amani aliyoambiwa yangetimia kwa wajukuu. Alipewa tumaini, na tumaini hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa la safari yake yeye kurudi nyumbani. Ni ahadi kwa watu waliovunjwa kama taifa, kwamba Mungu hajamalizana nao.

Na hapa Kiswahili hakituachii kisingizio. Kiingereza hutumia neno lile lile kwa mmoja na kwa wengi, kwa hiyo anayeusoma huko anaweza kudhani anaambiwa yeye peke yake. Sisi tunasoma "ninayowawazia ninyi", "kuwapa ninyi", "siku zenu". Hakuna "ninayokuwazia" wala "siku zako". Watafsiri wetu waliuhifadhi wingi wa Kiebrania, nasi tunaukariri huku tukiubadilisha kichwani uwe umoja.

Nilimwambia kijana achukue lile duka. Faraja yake imo katika mstari wa 5 hadi wa 7: Mungu yupo Babeli pia, na kupanda bustani huko ni utii. Na ushauri ninaoutoa kwa kila mtu, hata wanafunzi wangu wamechoka kuusikia: soma sura ya 27 hadi ya 29 kwa kikao kimoja, kwa sauti, kalamu mkononi, upige mstari chini ya kila "ninyi". Itakuchukua nusu saa hivi. Hutausoma tena mstari wa 11 kama ulivyouzoea.

Mengine nayapitia kwa ufupi.

Wengi hudhani Yuda yote ilihamishwa. Yeremia 52 inatoa hesabu ya mikupuo mitatu: watu 3,023, kisha 832, kisha 745, jumla 4,600. Wafalme wa Pili sura ya 24 inataja 10,000 katika uhamisho wa Yekonia. Shika hesabu yoyote kati ya hizo, bado wako waliobaki, wakiwemo maskini walioachwa watunze mizabibu na kulima.

Wengine hudhani Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu mateka warudi, aliongoka. Isaya 45 inamwita masihi wa BWANA, halafu inasema mara mbili kwamba hakumjua BWANA. Silinda ya udongo ya Koreshi, iliyofukuliwa Babeli mwaka 1879, inamtukuza Marduki, mungu wa Babeli. Inazungumzia kurudisha miungu na watu katika makao yao, na Yerusalemu haitajwi ndani yake. Mungu alimtumia mfalme asiyemjua. Nabii alishasema hivyo waziwazi, sioni kwa nini tumwongezee ushuhuda asioutoa.

Kuhusu ile miaka sabini, huletewa majedwali. Kutoka ushindi wa Nebukadreza huko Karkemishi mwaka 605 KK hadi ruhusa ya Koreshi mwaka 538 KK ni kama miaka 67. Kutoka kuanguka kwa Hekalu mwaka 586 KK hadi kukamilika kwa la pili mwaka 515 KK ni kama 71. Hesabu zote mbili zinasogea karibu na sabini, na inatosha. Kuichukua namba hiyo ukaijumlisha na mwaka fulani wa karne yetu ili upate tarehe ya jambo fulani ni kazi ambayo Yeremia hakumpa mtu.

Mifupa mikavu ya Ezekieli 37 nayo haihusu biashara iliyokufa. Nabii hakutuachia tukisie: mstari wa 11 unasema mifupa hiyo ni nyumba yote ya Israeli, wanaosema "matumaini yetu yametupotea".

Kisha huulizwa kuhusu 1948, mwaka dola ya Israeli ilipoanzishwa. Wapo Wakristo wanaouona unabii huu ukitimia katika dola ya Israeli, wapo wanaouona umetimia katika Kristo, na hoja zao nzito siwezi kuzimaliza kwa aya moja. Ninachokataa ni kuirukia 1948 bila kupita 538 KK, kana kwamba watu wa kwanza kuusikia walikuwa wakisomewa gazeti letu.

Hata waliporuhusiwa, si wote waliorudi. Ezra 2 inahesabu watu 42,360, mbali na watumwa na waimbaji. Wengi walibaki Babeli, na mabamba ya udongo ya kijiji kilichoitwa Al-Yahudu, la zamani zaidi likiwa la mwaka 572 KK, yanawaonyesha watu wa Yuda wakilima shayiri na mitende, wakilipa kodi, wakikopeshana. Walifanya kile barua ilichowaambia.

Na waliorudi je? Hapa ndipo mahubiri yetu ya "kurejeshewa" yanapokatisha stori mapema mno. Msingi wa Hekalu ulipowekwa, wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata kilio hakikutofautishwa na shangwe. Kazi ikasimama kwa miaka, mpaka nabii Hagai alipoinuka mwaka 520 KK akawaambia kwamba anayepata mshahara anautia katika mfuko uliotoboka. Wakati wa Nehemia wako waliokuwa wameweka rehani mashamba, na wengine walikuwa wakiwatia watoto wao utumwani kwa Wayahudi wenzao. Zaburi ya 126 tunaipenda kwa mwanzo wake, "BWANA alipowarejeza mateka wa Sayuni, tulikuwa kama waotao ndoto", na kwaya nyingi huishia kwenye furaha hiyo. Mstari wa nne, watu hao hao waliokwisha kurejezwa wanaomba tena: ee BWANA, uwarejeze watu wetu waliofungwa.