"Waingereza wa Kale" wa Ireland ni akina nani hasa?

Oliver Plunkett, Askofu Mkuu wa Armagh, aliuawa Tyburn, London, mwaka 1681, na Papa Paulo VI akamtangaza mtakatifu mwaka 1975. Wanaosimulia maisha yake wengi wao huenda vizuri mpaka wafike kwenye ukoo wake. Hapo hukuta maneno "Waingereza wa Kale", na makosa huanza. Mmoja ataandika kwamba babu zake walikuwa Waprotestanti. Mwingine atadhani wanaotajwa ni wale Waanglo-Saksoni, watu wa Uingereza wa kabla ya Wanormani kuiteka mwaka 1066, kwa sababu lugha yao huitwa Kiingereza cha Kale. Wa tatu ataruka maneno hayo kabisa na kumwita Plunkett "Mwairishi aliyeonewa na Waingereza", kana kwamba mambo ya karne ya 17 yalikuwa mepesi kiasi hicho. Nimeyasoma haya mara nyingi mno, na naona ni haki ya wasomaji wetu wa historia ya Kanisa kuelezwa vizuri.

Maana yenyewe ni fupi. Waingereza wa Kale ni wazao wa Wanormani, Waingereza na watu wa Wales walioingia Ireland kuanzia mwaka 1169, ambao katika karne ya 16 na 17 walibaki Wakatoliki huku wakimkubali mfalme wa Uingereza kuwa mfalme wao halali. Asili, dini na utii: vyote vitatu vinatakiwa kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, mtu huyo anahitaji jina jingine.

Kinachohitaji nafasi ni neno "kale". Kale kwa kulinganishwa na nani?

Kwa kulinganishwa na waliokuja nyuma yao. Tangu katikati ya karne ya 16, serikali ya Uingereza ilipeleka Ireland maofisa, askari, wachungaji na wapimaji wa ardhi, karibu wote Waprotestanti, waliotafuta vyeo na mashamba. Hao ndio Waingereza Wapya. Mshairi Edmund Spenser alikuwa mmoja wao. Alifika mwaka 1580 akiwa karani wa mtawala wa Ireland, akapata shamba kubwa Kilcolman, katika Cork, na mnamo 1596 akaandika kitabu cha mazungumzo kuhusu hali ya Ireland ambacho hakikupigwa chapa hadi 1633. Humo anawataja Waingereza wa Kale, na hawasifu hata kidogo. Anadai wameoza, wameiga lugha na desturi za Wagaeli, yaani wenyeji wa asili wa Ireland, na kwamba baadhi yao ni wabaya kuliko Wagaeli wenyewe. Jina hilo, basi, halikuanza kutumika kama heshima kwa wazee. Kwa Spenser, "wa kale" walikuwa watu waliopitwa na wakati na waliostahili kuondolewa madarakani ili wapya wapate nafasi.

Upande wa Kiairishi walikuwa na neno lao: Sean-Ghaill, yaani wageni wa zamani. Gall ni neno lenye safari ndefu. Mwanzoni lilimaanisha mtu wa Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa. Baadaye wakaitwa hivyo Waviking, kisha Wanormani, na mwisho likawa jina la mgeni yeyote anayekuja na kukaa. Waliofika baada ya mageuzi ya dini wakaitwa Nua-Ghaill, wageni wapya. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wamelima Ireland kwa zaidi ya miaka mia nne na bado wanaitwa wageni, ingawa sasa kwa kivumishi.

Na hapa ndipo anapoingia mtu ambaye ningependa kila msomaji wa historia hii amjue: Seathrún Céitinn, ambaye kwa Kiingereza huitwa Geoffrey Keating. Alikuwa padre kutoka Tipperary, aliyesomea teolojia Ufaransa, akarudi kuhudumu nyumbani wakati misa ilikuwa imepigwa marufuku na sheria. Mnamo 1634 alimaliza kuandika kwa Kiairishi historia ya nchi yake, *Foras Feasa ar Éirinn*, kitabu ambacho kwa vizazi vingi kilisambaa kwa kunakiliwa kwa mkono. Katika utangulizi wake anawashambulia kwa majina waandishi waliowatukana Wairishi, kuanzia Giraldus Cambrensis wa karne ya 12 hadi Spenser. Anawafananisha na mdudu anayepita juu ya maua yote ya bustani bila kuyatazama, akitafuta mavi ya kugaagaa ndani yake.

Kitu kikubwa zaidi katika utangulizi huo ni jinsi Keating anavyojitambulisha. Anasema waziwazi kwamba yeye kwa asili ni wa Sean-Ghaill, kwa hiyo asidhaniwe kuwatetea Wagaeli kwa sababu ya udugu wa damu. Halafu anachukua neno Éireannaigh, watu wa Ireland, na kuwaweka ndani yake Wagaeli na wageni wa zamani kwa pamoja, kwa kuwa wanashiriki nchi moja na imani moja. Wageni wapya wanabaki nje. Ni hatua kubwa sana ya fikra. Mwaka 1366, Sheria za Kilkenny zilikuwa zimewakataza walowezi kuoana na Wagaeli, kutumia lugha yao na kufuata sheria zao. Keating, mzao wa walowezi hao, anaandika kwa lugha ileile iliyokatazwa na kusema: sisi ni watu wamoja.

Anayedhani kwamba Waingereza wa Kale walikuwa Waprotestanti anakosa hili lote. Haelewi kwa nini Keating aliandika, wala kwa nini kitabu chake kilipendwa.

Tena mpaka wa dini haukufuata damu. Ulipita katikati ya nyumba. Angalia ukoo wa James Ussher, aliyezaliwa Dublin mwaka 1581, msomi wa Kiprotestanti anayejulikana duniani kwa kukadiria kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Armagh wa Kanisa la serikali. Wazazi wake wote wawili walitoka katika familia za zamani za Dublin. Mjomba wake, ndugu wa mama yake hasa, alikuwa Richard Stanihurst, mwandishi Mkatoliki aliyehamia bara la Ulaya, akapewa upadre baada ya kufiwa na mkewe, na kufariki Brussels mwaka 1618. Damu ni moja, mji ni mmoja. Mjomba huhesabiwa kuwa Mwingereza wa Kale, na mpwa hahesabiwi, kwa sababu amebadili dini na kusimama na serikali.

Kuna habari inayouma zaidi. Margaret Ball alikuwa mke wa meya wa Dublin, mwanamke aliyewaficha mapadre nyumbani kwake. Mwanawe Walter aligeuka Mprotestanti, naye akawa meya. Ni mwana huyo aliyeamuru mama yake akamatwe na kufungwa katika Ngome ya Dublin, ambako mama alifia mwaka 1584. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1992. Anayeandika kwamba Margaret Ball "aliuawa na Waingereza" anafuta jambo zito kuliko yote katika maisha yake, kwamba aliyemtia kifungoni ni mtoto aliyemzaa.

Sharti la tatu, utii kwa mfalme, husahauliwa kuliko yote. Hugh O'Neill, mkuu wa Wagaeli wa Ulster, kaskazini mwa Ireland, alipopigana na Malkia Elizabeth I hadi 1603, aliwaomba Wakatoliki wa mijini wajiunge naye kwa ajili ya dini. Wengi wao walikataa. Kwenye vita vya Kinsale mwaka 1601, Richard Burke, Earl wa Clanricarde, Mkatoliki, alipigana upande wa malkia dhidi ya O'Neill na Wahispania. Lakini Elizabeth alipofariki mwaka 1603, miji hiyohiyo tiifu, Waterford, Cork na Kilkenny ikiwamo, iliyafungua makanisa na kusoma misa hadharani, mpaka jeshi likaja kuizima. Kwao hapakuwa na mgongano: mwili na mali ni vya mfalme, sala ni ya Kanisa. Mfalme James I hakukubali. Mwaka 1614 aliwaambia wajumbe wao kwamba wao ni raia nusu tu, kwani roho wamempa Papa na yeye wamemwachia mwili.

Wajumbe hao walikuwa wametumwa baada ya tukio la Bunge la Dublin la 1613. Serikali ilikuwa imeunda majimbo mapya ya miji, karibu 40, ili Waprotestanti wawe wengi. Wakati wa kumchagua Spika, wafuasi wa serikali walitoka nje ili wahesabiwe. Wakatoliki waliobaki ndani wakamkalisha kitini Sir John Everard, jaji wa zamani aliyejiuzulu kwa kukataa kiapo cha kumtambua mfalme kuwa mkuu wa Kanisa. Wengine waliporudi walimbeba mtu wao, mwanasheria mkuu Sir John Davies, aliyekuwa na mwili mzito, wakamkalisha mapajani mwa Everard. Wakatoliki wakatoka kwa hasira. Kumbuka tu kwamba Everard na wenzake hawakuwa waasi. Walikuwa wabunge wanaotetea haki yao kwa taratibu za bunge la mfalme.

Hali iliwabadilisha mwaka 1641. Wagaeli wa Ulster waliasi Oktoba, na Desemba mabwana wa eneo la Dublin na Meath, wakiongozwa na Lord Gormanston, walikutana nao kwenye kilima cha Knockcrofty. Walipowauliza sababu ya uasi na kujibiwa kwamba silaha zimeshikwa kwa ajili ya dini na kwa ajili ya haki za mfalme mwenyewe, waliungana nao. Ndipo likazaliwa Shirikisho la Kilkenny, serikali ya Wakatoliki iliyodumu tangu 1642 hadi 1649.

Udugu ambao Keating aliuandika ulijaribiwa huko Kilkenny, na ulipasuka. Balozi wa Papa, Giovanni Battista Rinuccini, alifika mwaka 1645 akitaka makanisa yote na mali zake virudi kwa Wakatoliki. Waingereza wa Kale wengi walisita, na moja ya sababu ilikuwa ardhi: koo zao zilikuwa zimejipatia mashamba ya monasteri Henry VIII alipozivunja. Walikuwa Wakatoliki wa kweli, waliolipa faini kwa kutokwenda kanisa la serikali, na bado walilima ardhi iliyokuwa ya watawa. Walitaka mapatano na James Butler, Ormond, mwakilishi wa mfalme. Ormond mwenyewe alitoka katika ukoo mkubwa wa Kinormani, ila alipofiwa na baba akiwa mtoto alilelewa Uingereza katika Uprotestanti, huku mama yake na ndugu zake wakibaki Wakatoliki. Kwa maana tunayoieleza, Ormond si Mwingereza wa Kale. Ndugu zake ndio. Mwaka 1648 Rinuccini aliwatenga na Kanisa waliokubali kusitisha vita, na mapadre wenyewe wakagawanyika.

Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza aliyeiteka Ireland kuanzia 1649, alipomaliza kazi yake, tofauti hizo hazikumhusu. Chini ya sheria ya 1652, wenye ardhi Wakatoliki walinyang'anywa na kusukumwa Connacht, magharibi mwa nchi, Mgaeli na mzao wa Wanormani pamoja. Mwaka 1641 Wakatoliki walimiliki takriban asilimia 59 ya ardhi ya Ireland. Kufikia 1703 ilibaki asilimia 14 hivi. Tangu hapo jina Waingereza wa Kale likaanza kukosa kazi, kwani mbele ya sheria walikuwa Wakatoliki tu.

Hata hivyo, kumbukumbu haikufutika siku moja, na Plunkett aliionja. Alizaliwa Loughcrew, Meath, mwaka 1625, katika ukoo wenye mabwana wa vyeo na ndugu aliyekuwa askofu. Alipoteuliwa kuongoza Armagh mwaka 1669, jimbo la Wagaeli wa kaskazini, baadhi ya mapadre wa huko hawakufurahia kuongozwa na mtu wa Meath. Miongoni mwa waliotoa ushahidi wa uongo wa uhaini dhidi yake walikuwamo watawa Wafransisko wa huko, John MacMoyer na Hugh Duffy. Kesi ya kwanza, Dundalk, iliporomoka kwa kuwa mashahidi hawakutokea, ndipo akahamishiwa London.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, ukifika kwenye ukoo wa Plunkett, usimpe babu Waprotestanti, wala usiiache sentensi hiyo. Andika kwamba alitoka katika ukoo wa Kikatoliki wa Waingereza wa Kale wa Ireland, yaani walowezi wa zama za kati waliobaki na imani yao. Neno "Kikatoliki" liwepo, na "wa Ireland" iwepo, na msomaji hatamchanganya tena na Mwanglo-Saksoni.