Uyoga mgumu wa miti: ugeuze kwanza, ndipo uutaje jina

Wananchi wanaotutumia picha za uyoga wa kwenye miti hupiga upande wa juu, ule mwekundu unaong'aa. Upande huo ndio unaopotosha. Anayetafuta ganoderma, uyoga unaouzwa kama unga na kuchanganywa kwenye kahawa za afya, aanzie chini.

Huota kwenye mashina na magogo ya miti ya majani mapana, mara nyingi karibu na ardhi, ukitokeza ubavuni kama rafu. Ni mgumu kama ubao. Huhitaji kwenda Usambara wala Kakamega kuuona. Mwembe mzee wa uani nao huuotesha.

Inama uchungulie. Kwa uyoga unaokua, sehemu ya chini ni nyeupe, haina zile kuta nyembamba za uyoga wa mboga, bali vitundu vidogo mno, takriban vinne hadi sita katika milimita moja. Kwaruza kwa ukucha: mstari hugeuka kahawia papo hapo. Ukikata, nyama ya ndani ni ya kahawia au rangi ya mbao, na chini yake mirija imejipanga wima. Majani ya jirani yakiwa na vumbi kama kakao, hivyo ni vijimbegu vyake. Rafu moja kubwa hukadiriwa kumwaga hadi bilioni 30 kwa siku.

Unaowachanganya wengi ni Pycnoporus sanguineus, uliojaa kwenye magogo yanayopigwa jua. Ni wa rangi ya machungwa iliyokolea juu na chini, mwembamba, na ukiukwaruza hauachi mstari wa kahawia.

Kuhusu jina kamili, tusiwe na haraka. Ganoderma zina aina nyingi. Aina ya Ganoderma lucidum ilielezwa na William Curtis nchini Uingereza mwaka 1781. Ile inayolimwa sana China, iliyodhaniwa kuwa lucidum hiyo hiyo, ilipewa jina lake, Ganoderma lingzhi, mwaka 2012 tu. Kwa hiyo anayekuuzia uyoga wa msituni kwetu kwa jina la lucidum anakisia, hata kama pakiti imechapwa vizuri.

Kwa kuchuma, chagua uliokomaa lakini bado mweupe chini, usiotobolewa na wadudu, na uache michanga. Ukatekate vipande vyembamba siku hiyo hiyo, maana ukishakauka panga lenyewe litagoma. Ni mchungu na hautafuniki, watu huuchemsha.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, wamwone daktari kwanza. Na kwa saratani, mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza. Anayekwambia uache dawa za hospitali anakuhatarisha.

Mti uliosimama wenye uyoga huu shinani tayari unaliwa kwa ndani, kwani ganoderma humeng'enya lignini na selulosi, yaani ule uimara wa mbao. Kuukata uyoga hakuponyi mti. Majani yanaweza kuwa ya kijani na upepo ukauangusha. Ukiwa karibu na nyumba, mwite ofisa misitu aukague.

Katika hifadhi ya msitu ulizia kibali kwanza ofisi ya misitu ya wilaya. Ndani ya hifadhi ya taifa usichume kabisa. Piga picha, na safari hii uipige kutoka chini.