Wati za amplifaya hazitoki kwenye chipu

Wanaojiundia amplifaya wamerithishana imani kwamba ukitaka nguvu zaidi, utafute chipu iliyoandikwa wati nyingi zaidi. Sivyo. Chipu ni bomba. Maji yako kwenye pawasaplai, yaani kifaa kinachoilisha umeme.

Chukua chipu ya amplifaya iitwayo TPA3116D2. Wati 50 inazotajiwa kwa kila chaneli hupatikana kwa volti 21 na spika ya omu 4. Ilishe volti 12, kisha piga hesabu: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 8 (omu mara mbili), unapata wati 18. Ukizidisha hapo mawimbi hukatwa vichwa na sauti inakwaruza. Na chipu hiyo huisukuma spika kutoka ncha zote mbili. Chipu inayosukuma ncha moja, kwa volti hizohizo 12, haifiki hata wati 5.

Kwa hiyo chagua spika na pawasaplai kwanza. Tena wati zikiongezeka maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ongezeko dogo sikioni. Mimi ningeelekeza bidii kwenye saketi: kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji kidogo ya umeme) ya mikrofaradi 0.1 ikae karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu, si mwisho wa waya mrefu.