Gitaa la rezoneta ni gitaa gani?

Nikikaa barazani hapa Bagamoyo na gitaa langu la bati, watu hawaniulizi napiga muziki gani. Mzee mmoja, fundi wa majahazi, alilitazama kwa muda, akaligonga kwa ukucha, kisha akauliza: "Mwanangu, na waya wake wa umeme uko wapi?" Nikamwambia, "Halina, mzee." Nikapiga nyuzi mbili tu. Akashtuka. "Basi humo ndani mna kitu."

Mna koni. Rezoneta ni gitaa ambalo nyuzi zake hutikisa koni ya aluminiamu nyembamba iliyokaa tumboni, wakati gitaa la kawaida hutikisa ubao wake wa mbele. Anayelijua zeze hatapata shida kuelewa. Uzi peke yake ni mwembamba mno kusukuma hewa. Lazima uegemee kitu kipana cha kuupokelea. Zeze lina kibuyu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa Bagamoyo na kujulikana duniani kwa zeze na ilimba (kinanda cha vidole gumba cha Wagogo), hakuhitaji spika ili kibuyu kifanye kazi yake. Rezoneta nayo ina koni, nayo hutetema kama ile karatasi ya spika, sauti ikatokea kwenye kifuniko chenye matundu.

Wengi hudhani bodi ya chuma ndiyo inayolia. Bodi ni ngumu, haitikisiki sana. Huizuia sauti isipotelee pembeni. Ndiyo maana ziko rezoneta za mbao, na bado ni rezoneta. Hata neno "chuma" mara nyingine tunalitumia kwa mazoea. Ziko za chuma kweli, lakini nyingine ni za shaba iliyopakwa nikeli, na nyingine ni za kile kinachoitwa fedha ya Kijerumani, ambacho hakina fedha hata chembe: ni shaba nyekundu, nikeli na zinki.

Chombo hiki kilizaliwa kwa sababu ya makelele. Marekani ya miaka ya 1920, tarumbeta na ngoma zilimeza gitaa ukumbini. Mpigaji George Beauchamp akamwendea John Dopyera, fundi mhamiaji kutoka Slovakia aliyekuwa Los Angeles, akitaka gitaa litakalosikika. Mwaka 1927 kampuni yao ya National ikaanza kuuza gitaa lenye koni tatu. Haukupita muda wakagombana. Dopyera na ndugu zake wakaanzisha Dobro, jina linalounganisha ukoo wao na undugu wao, na kwa Kislovakia lina maana ya wema. Beauchamp naye akahamia kwenye gitaa la umeme, ambalo liliingia sokoni mwaka 1932 na kuifanya rezoneta ionekane ya kizamani. Yaani mtu aliyeomba koni ndiye aliyesaidia kuizika. Miongoni mwa waliobaki nayo ni wapiga bluzi (muziki wa blues) kama Son House na Bukka White, kwa sababu walikuwa wameshaipenda sauti yenyewe, si ukubwa wake tu.

Sauti hiyo hutegemea koni. Zikiwa tatu, kila moja kama sentimita 15 kwa upana, mlio huwa mtamu na hukawia. Ikiwa moja, kama sentimita 24, yenye kidaraja cha kubeba nyuzi juu ya kipande cha mbao kiitwacho biskuti, mlio hutoka mkali, wa puani kidogo, na kufa upesi. Aina ya tatu imegeuza koni kama bakuli, na juu yake kuna fremu yenye miguu iitwayo buibui (la mdudu, si la kuvaa). Kuhusu kufa upesi: ukiupiga uzi, unaupa nguvu ya kiasi fulani tu. Koni huitoa nguvu hiyo kwa pupa, hivyo sauti huwa kubwa lakini huisha mapema.

Kupiga kwake, wengi huvaa kidoleni bomba la kioo au la chuma, wakalitelezesha juu ya nyuzi. Mimi hulinganisha nyuzi kwa G wazi, yaani zikipigwa zote bila kubonyezwa hutoa kodi ya G. Kwa wanakwaya, kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni so-do-so-do-mi-so. Bomba hufika kwenye sauti zilizo katikati ya freti (vile vijiti vya shingoni), kama fidla na udi vinavyofanya kwenye taarabu. Ukikosea nusu kidole kila mtu anasikia, na koni haikusitiri.

Kulimiliki pwani ni kazi. Chumvi ya hewani hula nyuzi na kupenya palipobanduka nikeli, shaba ikaota ukijani. Jasho nalifuta kila nikimaliza, na zile pakiti za chembechembe za kunyonya unyevu, zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, nazitia kwenye kasha lake. Kosa langu kubwa lilikuwa kufungua nyuzi zote kwa mpigo. Mkandamizo wa nyuzi ndio unaoikalisha koni mahali pake. Niliporudisha nyuzi mpya, koni ilikuwa imesogea, na gitaa likawa linavuma kama nyuki kwenye kopo. Kwenye ilimba mvumo wa namna hiyo ni utamu. Kwenye rezoneta ni ugonjwa. Siku hizi nabadilisha uzi mmoja mmoja.

Ukiletewa la kununua, usiangalie mng'ao. Piga kila uzi taratibu, kisha kwa nguvu, usikilize kama kuna mtetemo wa bati. Bodi iliyobonyea fundi bati anaweza kuinyoosha. Koni iliyobonyea utaagiza nyingine ng'ambo.