Nyanya Hulainika Bila Kuoza

Mama mmoja anayeuza nyanya katika soko la Nakasero, Kampala, aliniuliza kwa nini nyanya alizozipokea zikiwa ngumu hubonyea kwa kidole siku chache baadaye, ilhali hazijaoza. Ameona tofauti ya kweli: kuoza huletwa na kuvu na bakteria, bali kulainika ni kazi ya tunda lenyewe, ambalo jeni zake huendelea kufanya kazi hata baada ya kuchumwa.

Kinachozishikamanisha seli za tunda kama gundi ni pektini, iliyokazwa kwa kalsiamu. Nyanya inapokomaa hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huamsha jeni zinazotengeneza ethilini zaidi pamoja na jeni za vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vya kuvunja kuta za seli. Embe, parachichi na ndizi zina tabia hiyo hiyo, na kwa matooke, yaani ndizi za kupika, yanayotakiwa kufika Kampala yakiwa mabichi, ndizi chache zilizoiva ndani ya lori zinaweza kuharakisha uivaji wa shehena nzima.

Kimeng'enya kiitwacho pektini methilesterasi huondoa vikundi vya methili kwenye pektini, ndipo vimeng'enya vingine viwili, poligalakturonasi na pekteti liasi, vinapopata nafasi ya kuukata mnyororo wake. Kwa muda mrefu lawama yote iliangukia poligalakturonasi. Mwaka 1994 kampuni ya Calgene ya Marekani iliingiza sokoni nyanya ya Flavr Savr, ambayo jeni yake ya kimeng'enya hicho ilikuwa imenyamazishwa, yaani imezuiwa kufanya kazi, lakini tunda halikubaki gumu kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kunyamazisha jeni ya pekteti liasi: nyanya zilibaki ngumu zaidi, na rangi yake haikuathirika.

Mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko kutegemea badiliko la jeni liitwalo rin, linalotumika katika mbegu chotara za nyanya zinazodumu, kwa sababu rin huzuia uivaji wenyewe, na mlaji hulipia ugumu huo kwa ladha hafifu.

Yule mama nilimshauri atenganishe nyanya nyekundu na zilizoanza tu kugeuka rangi, na asiziweke karibu na ndizi mbivu. Alicheka. "Mwanangu," akasema, "meza yangu ni hii moja, na jirani yangu anauza ndizi."