Anza na majedwali, fomu zitafuata: kujifunza kutengeneza programu za kanzidata za biashara

Wengi wanaoniuliza waanzie wapi kujifunza kutengeneza programu za biashara za kompyuta ya mezani huwa wameshaanza. Wamechora fomu, wamepanga vitufe, wamechagua rangi, kisha wamekwama kwenye ripoti ya mauzo ya mwezi. Nikifungua kazi yao naangalia majedwali kwanza, na karibu kila mara tatizo liko hapo.

Fomu unaweza kuibomoa leo na kesho ukawa na nyingine. Jedwali lililopangwa vibaya, likishajaa rekodi za biashara inayoendelea, kulinyoosha ni kazi ngumu mno.

Chukua ankara. Mtu aliyezoea Excel hutengeneza jedwali moja: tarehe, jina la mteja, simu, bidhaa ya 1, bei ya 1, bidhaa ya 2, bei ya 2, na kuendelea. Mteja akinunua vitu vingi kuliko safu ulizoweka, huna pa kuviandika. Akibadilisha simu, unairekebisha kwenye kila ankara yake. Njia ya kuondokana na hayo ilionyeshwa mwaka 1970, Edgar F. Codd wa IBM alipochapisha makala yake kuhusu modeli ya uhusiano, yaani taarifa kukaa kwenye majedwali tofauti yanayohusiana. Kwa ankara zetu, maana yake ni majedwali manne: wateja, bidhaa, ankara, na mistari ya ankara. Kila mstari unabeba namba ya ankara, namba ya bidhaa, idadi na bei.

Hapo kwenye bei ningependa tutulie kidogo. Bei si ipo tayari kwenye jedwali la bidhaa? Mwanafunzi aliyeshika sana kanuni ya kutorudia taarifa ataiondoa kwenye mstari, na atakuwa amekosea. Bei iliyo kwenye bidhaa ni ya leo. Iliyo kwenye mstari wa ankara ni ile muuzaji na mteja waliyokubaliana siku ile. Ni taarifa mbili tofauti, hata kama leo zinafanana. Ankara ikisoma bei kutoka jedwali la bidhaa, siku utakayopandisha bei ankara zote za zamani zitapanda nazo, na hesabu za mwaka jana hazitalingana tena na fedha zilizopokelewa. Hakuna amri ya SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata, itakayokuonya. Inabidi uielewe biashara yenyewe, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii.

Stoo nayo ni vivyo hivyo. Usiweke safu ya salio ambayo kila mtu anaipandisha na kuishusha. Weka jedwali la mienendo: kilichoingia, kilichotoka, kilichoharibika, lini na kwa sababu gani, kisha salio lipatikane kwa kujumlisha. Mwenye mali akiuliza katoni zake zimekwenda wapi, utakuwa na jibu la kumpa.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: usizihifadhi kwa namba za desimali zinazoelea. Kompyuta haiwezi kuiandika 0.1 kikamilifu katika mfumo wa jozi, ule wa 0 na 1, ndiyo maana lugha ya Python ukiiambia ijumlishe 0.1 na 0.2 inakujibu 0.30000000000000004. Hifadhi senti kama namba nzima. Ukiwa kwenye Access, programu ya kanzidata ya Microsoft, tumia aina ya Currency, inayotunza tarakimu nne baada ya nukta.

Zikitajwa zana, sina ugomvi na yeyote. Access, iliyotoka mwaka 1992, bado inamfikisha mtu mbali kwa sababu fomu, hoja na ripoti viko pamoja, ila faili lake lina kikomo cha GB 2. Anayetaka kuandika msimbo tangu mwanzo atumie Python pamoja na SQLite, kanzidata ya D. Richard Hipp iliyotoka mwaka 2000, ambayo yote inakaa ndani ya faili moja bila seva. Lakini andika PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Kwa kawaida SQLite haikagui funguo za nje, yaani namba zinazounganisha jedwali moja na jingine. Itapokea mstari wa ankara wenye namba ya bidhaa isiyokuwepo bila kulalamika.

Thamani nazo, kama jina la mteja, zipitishe kwa alama ya kuuliza inayoshika nafasi yake ndani ya amri ya SQL, usiziunganishe ndani ya maandishi ya amri. Mteja anayeitwa O'Brien, kwa alama ile ya ' iliyo kwenye jina lake, anatosha kuivunja amri iliyounganishwa kwa mkono, na mtu mwenye nia mbaya atafanya makubwa zaidi. Kuhifadhi ankara pia kufanyike ndani ya muamala mmoja, kati ya BEGIN na COMMIT: ankara, mistari yake na mwendo wa stoo viingie vyote au kisiingie hata kimoja. Umeme ukikatika katikati, hutaki stoo iliyopungua bila ankara.

Watumiaji wakiwa wengi, usiliweke faili la SQLite kwenye folda ya mtandao ili kila kompyuta iandike humo. Kufuli la faili, linalozuia wawili wasiandike kwa pamoja, haliaminiki kwenye mtandao, na data inaweza kuharibika. Kwa Access, gawa programu sehemu mbili: majedwali yakae kwenye folda ya pamoja, faili la fomu liwe kwenye kila kompyuta. Wanaoandika kwa wakati mmoja wakizidi, hamia PostgreSQL, kanzidata inayotumia seva, na anza kwa kuhamisha majedwali kabla hujagusa fomu hata moja.