Kuendesha tovuti yako kwenye mashine ya wengi, bila nywila ya msimamizi

Vijana wa Tudor na Majengo, hapa Mombasa, wanaojifunza kutengeneza tovuti huniuliza: nimepewa akaunti kwenye kompyuta ya Linux tunayoitumia wengi, nywila ya msimamizi sina, je, naweza kuwasha seva yangu humo? Waweza, na vizuri tu. Ila kwanza soma masharti ya mashine hiyo na umwombe msimamizi ruhusa, kwa sababu wako wasiotaka programu iachwe ikifanya kazi baada ya mtu kutoka.

Kwa kawaida Linux humzuia mtumiaji asiye msimamizi kushika poti (milango yenye namba ambayo programu hupokelea mawasiliano ya mtandao) zilizo chini ya 1024, kwa hiyo 80 ya HTTP na 443 ya HTTPS zisahau. Zilizobaki, hadi 65535, ni za atakayewahi. Nginx, programu ya seva ya tovuti, nayo haihitaji msimamizi aisakinishe: pakua msimbo wake, andika `./configure --prefix=$HOME/nginx`, kisha `make` na `make install`, yote yataingia kwenye folda yako. Kwa majaribio ya haraka, Python yatosha: `python3 -m http.server 8000 --bind 127.0.0.1`.

Hapo kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo mashine hujiita yenyewe, nataka tukae kidogo. Wengi huiamini anwani hiyo kuwa ni faragha, na kweli aliye nje ya mashine haifikii moja kwa moja. Lakini wewe humo huko peke yako. Ni kama nyumba ya Kiswahili pale Majengo: mlango wa barabarani umefungwa, lakini wapangaji wote hupita ukumbi mmoja. Yeyote mwenye akaunti kwenye mashine ile anaweza kuandika `curl 127.0.0.1:8000` akasoma ulichoweka. Ukurasa wa mazoezi, hapana neno. Orodha ya wateja wa duka la mamako pamoja na madeni yao, hilo ni neno kubwa.

Dawa yangu ni soketi ya Unix, yaani mlango wa mawasiliano kati ya programu ambao hukaa kama faili, haina namba ya poti. Tengeneza folda kwa `mkdir -m 700 ~/faragha`, kisha kwenye mipangilio ya Nginx andika `listen unix:/home/asha/faragha/s.sock;` ukiweka jina la akaunti yako mahali pa `asha`. Usitegemee ruhusa za soketi yenyewe: Nginx huiunda ikiwa wazi kwa kila mtu. Kinacholinda ni ile folda, na ndiyo maana ile 700, yaani ruhusa kwako peke yako, haina mjadala kwangu. Halafu, kwenye laputopu yako nyumbani, andika `ssh -L 8000:/home/asha/faragha/s.sock asha@` ukimalizia na anwani ya mashine, ufungue `localhost:8000` kwenye kivinjari. OpenSSH, programu yenye amri hiyo ya `ssh`, inaliweza hili tangu toleo la 6.7 la mwaka 2014. Nginx ikikatwa ghafla, faili la soketi hubaki na kuizuia isiwake tena. Lifute, uwashe upya.

Ili seva ijiwashe mashine inapoanza, weka mstari wa `@reboot` kwenye `crontab -e`, orodha ya kazi za kujiendesha zenyewe, ukiruhusiwa.

Na nywila ya hifadhidata usiiandike ndani ya amri. Kwenye mashine nyingi `ps aux` humwonyesha kila mtumiaji amri za wenzake nzima nzima. Iweke kwenye faili lenye ruhusa ya 600, yaani wewe tu ndiye wa kulisoma na kuliandika, programu yako iisome humo.